SOMO LA VYOMBO VYA KAZI: Chombo cha Kuonesha Njia Kisichoshika Chaji Juu ya Pikipiki



Vyama vya msingi vyenye pikipiki ya kazi aghalabu huwa vimefunga juu ya usukani wake simu yenye ramani, au chombo maalumu cha kuonesha njia kwa msaada wa setilaiti. Somo hili linahusu taabu moja tu ya vyombo hivyo, nayo ni ile ya chombo kilichounganishwa na betri ya pikipiki lakini kikazimika kabla ya safari kwisha. Mifano tumeielekeza Wingwi, Wilaya ya Micheweni, Pemba, kwa sababu pikipiki ya huko hupita katika ardhi ya maweni, hubeba mizigo itokayo pwani, na hushinda juani. Atakayeweza kuitunza chaji huko hatashindwa kwingine.

Pengine msomaji atasema kwamba mtu wa Wingwi hahitaji setilaiti kumwonesha njia ya kwenda Micheweni, Tumbe au Konde. Ni kweli, na wala hatubishani naye. Lakini chombo hicho siku hizi kina kazi nyingine. Ndicho kinachotiwa alama za mashamba ya mikarafuu ili mipaka ijulikane. Ndicho kinachomfikisha mgeni au karani mpya kwa mwanachama akaaye ndani ndani, pasipo bango wala jina la njia. Na kikiwa ni simu, basi humo humo mna hesabu ya mizani, namba za wanachama na fedha za mtandao. Karani akifika pwani wakati maji yanajaa, wanachama wamekwisha kusanya mwani wao, na simu imezimika, mzigo hupimwa na kuandikwa juu ya kipande cha karatasi au hauandikwi kabisa. Magomvi mangapi ya kilo yameanzia hapo, kila katibu anajua.

Tena kuna suala la fedha. Chombo kikikataa chaji, jambo la kwanza linalofanywa ni kununua chaja nyingine. Ikishindikana, hununuliwa betri. Ikishindikana tena, hununuliwa simu. Fedha hizo zote ni za wanachama, na mara nyingi ubovu ulikuwa katika kiungo cha waya ambacho kingesafishwa kwa kipande cha msasa. Kwa hiyo shabaha ya somo ni hii: kitu kisinunuliwe mpaka umeme umefuatwa kwa njia yake, tangu betri hadi chombo, na kupimwa wakati chombo kinafanya kazi.

Umeme unapitia wapi

Injini inapozunguka, koili za magneti hutoa umeme wa kugeukageuka. Umeme huo hupita katika rektifaya, ambayo huunyoosha na kuuzuia usipande kupita kiasi, kisha huingia katika betri ya volti 12. Kutoka betri, waya hupita kwenye fyuzi, ukaja hadi kwenye chaja ya pikipiki, yaani kile kijisanduku kinachoshusha volti 12 kuwa volti 5. Hapo hutoka waya wa USB unaoingia katika simu. Umeme hurudi betri kwa waya wa hasi au kwa chuma chenyewe cha pikipiki, ambacho mafundi hukiita ethi. Watu wengi huutazama waya wa kwendea na kuusahau wa kurudia, hali umeme usioweza kurudi hauwezi kwenda.

Setilaiti hazihusiki na chaji hata kidogo. Setilaiti za mfumo wa GPS huzunguka juu ya dunia kwa umbali wa kilomita 20,200 hivi, na simu husikiliza tu, haizipelekei neno. Kinachokula umeme ni kioo kinachowaka mfululizo na ubongo wa simu unaochora ramani. Simu inayoonesha njia huku kioo kikiwa na mwanga mkali wa kushindana na jua yaweza kula wati 3 hadi 5. Chaja inayotoa nusu ampea kwa volti 5 hutoa wati 2 na nusu. Basi alama ya chaji itaonekana juu ya kioo na asilimia itaendelea kushuka. Dereva atasema chaja ni mbovu, na muuzaji ataijaribu dukani aione nzima. Wote wawili wamesema kweli, maana dukani simu imelala.

Waya mwembamba, hesabu yake

Hapa tunamwomba msomaji atulie kidogo, kwa kuwa sehemu hii ndiyo inayowapotosha watu zaidi.

Umeme unaokuja Pemba kutoka Tanga kwa waya wa chini ya bahari, tangu mwaka 2010, unasafirishwa kwa volti 33,000. Haufanywi hivyo kwa fahari. Umeme wenye volti nyingi huhitaji ampea chache kubeba nguvu ile ile, na ampea ndizo zinazosababisha nguvu kupotea zikipita katika waya. Kanuni hiyo hiyo inafanya kazi juu ya pikipiki.

Chukua waya wa shaba wa USB wa urefu wa mita 1 na nusu, wa namna ya rahisi, ambao uzi wake wa ndani una unene wa milimita mraba 0.08. Umeme huenda mita 1 na nusu na kurudi mita 1 na nusu, jumla mita 3. Ukinzani wake ni kama omu 0.66. Simu ikivuta ampea 1, volti 0.66 hupotea njiani, na simu hupata volti 4.3 badala ya 5. Ikitaka ampea 2, volti 1.3 zingepotea. Simu haikubali hali hiyo. Ikiona volti zimeanguka hupunguza ulaji wake, hata ikaridhika na nusu ampea au chini yake.

Sasa chukua waya wa kawaida wa pikipiki wenye unene wa milimita mraba 0.75, urefu ule ule, ukiwa umebeba volti 12. Ili kutoa ampea 2 kwa volti 5, yaani wati 10, chaja huvuta kutoka betri ampea 1 hivi, ukiongeza na ile inayopotea kuwa joto. Ukinzani wa waya huu ni omu 0.07, na kinachopotea ni volti 0.07 tu. Chaja haitajua hata kama kuna kilichopotea.

Maana yake ni kwamba chaja ifungwe karibu na usukani, waya mrefu uwe upande wa volti 12, na waya wa USB uwe mfupi, sentimita 20 au 30 zatosha. Tumeona pikipiki nyingi zimefanywa kinyume: chaja imefichwa chini ya kiti isilowe mvua, na waya mrefu mwembamba wa USB ukavutwa mpaka mbele. Nia ilikuwa njema. Chaja ya namna hiyo haitatosheleza ramani siku moja.

Kuna jambo jingine dogo la waya. Ndani ya USB mna nyuzi mbili za umeme na mbili za habari. Kwa zile za habari simu hujua imeunganishwa na nini. Ikikosa alama inayoitaka, hudhani imeunganishwa na kompyuta, na huvuta nusu ampea basi. Baadhi ya vyombo maalumu, kama vile vya Garmin, katika hali hiyo huonesha picha ya kompyuta na kufunga ramani kabisa. Chombo cha namna hiyo hakina ubovu. Kinataka waya wake chenyewe uliokuja nacho, si ule wa kuazima.

Namna ya kupima

Chama kinachomiliki pikipiki kinafaa kuwa na mita ya kupimia umeme. Ni chombo cha bei ndogo, na hakihitaji fundi. Weka mita upande wa volti za umeme wa moja kwa moja, kiwango cha 20.

Anza betri, injini ikiwa imezimwa na imepumzika saa kadhaa. Betri iliyojaa huonesha volti 12.6 au zaidi kidogo. Ikiwa 12.2 imepungua nusu, na ikiwa chini ya 12 ina njaa au imechoka. Kisha washa injini na uizungushe kwa mwendo wa kati. Volti zipande hadi 13 na nusu au 14 na nusu. Zisipopanda kabisa, ubovu uko katika koili, rektifaya au viungo vyake, na chaja ya simu haina kosa lolote. Zikipita 15, zima injini mara moja, kwa kuwa rektifaya imeacha kuzuia, na itachemsha betri na kuunguza kila kilichofungwa.

Hapo tuseme jambo kuhusu mwendo wa polepole. Pikipiki ndogo ikinguruma bila ya kwenda, koili zake hutoa umeme kidogo mno. Karani anayesubiri nusu saa injini ikinguruma, taa imewashwa na simu inachajiwa, anaweza kuwa anaimaliza betri huku akidhani anaijaza.

Betri ikiwa salama, nenda kwenye chaja. Pima volti zinazoingia katika chaja wakati simu imeunganishwa na inavuta umeme. Hili la “wakati inavuta” ndilo moyo wa kazi. Kiungo kilichooza huonesha volti 12 kamili pasipokuwa na mzigo, kwa kuwa mita haivuti kitu. Ukiweka mzigo, volti huanguka. Tofauti kati ya betri na mlango wa chaja isizidi volti 0.3. Ikizidi, tafuta iko upande gani: weka ncha moja ya mita kwenye hasi ya betri na nyingine kwenye hasi ya chaja. Mita ikionesha zaidi ya volti 0.1, waya wa kurudia ndio mgonjwa. Ikionesha sifuri au karibu yake, rudi upande wa chanya: kishikio cha fyuzi, swichi ya ufunguo, na kila mahali ambapo mtu alisokota waya mbili na kuzifunga tepu.

Ukiwa bado na mita mkononi, geuza usukani mpaka mwisho kulia, kisha kushoto. Volti zikiruka, waya umekatika ndani ya ganda lake pale shingoni mwa pikipiki. Kwa nje hauoneshi dalili yoyote. Kwa njia za maweni waya huo hukunjwa maelfu ya mara kwa siku, na nyuzi zake za shaba hukatika mmoja mmoja hadi ukabaki mmoja unaobeba kila kitu.

Mwisho pima upande wa volti 5. Viko vipimo vidogo vinavyochomekwa katikati ya chaja na waya wa USB, vikaonesha volti na ampea kwa pamoja. Chaja itoe 5 hadi 5.2 ikiwa na mzigo. Ikitoa hivyo na simu haishibi, badilisha waya wa USB kwanza, kisha safisha tundu la simu kwa kijiti cha mti kilichochongwa, si kwa sindano. Vumbi la karafuu na nyuzi za mfuko wa suruali zikishindiliwa humo huzuia kichwa cha waya kisifike mwisho, na mtikisiko hukichomoa kidogo kidogo njiani.

Pale ulipounganishwa waya

Baadhi ya watu, kwa kutafuta njia fupi, huchukua umeme wa chaja kutoka kwenye waya wa taa ya mbele, kwa kuwa uko karibu na usukani. Katika pikipiki nyingi ndogo taa hiyo haitoki betri. Hulishwa na koili moja kwa moja, kwa umeme wa kugeukageuka unaopanda na kushuka kadiri ya mwendo. Chaja iliyofungwa hapo hushika na kuachia, kisha hufa. Pima waya huo kabla ya kuukata: ufunguo ukiwashwa injini ikiwa imezimwa, waya unaotoka betri utaonesha volti 12, na ule wa koili hautaonesha kitu. Tena ziko pikipiki za zamani za volti 6, ambazo chaja nyingi za volti 12 hazifanyi kazi juu yake, hata fundi awe hodari namna gani.

Wengine huunganisha chaja na betri moja kwa moja bila ya kupitia ufunguo. Chaja iliyoachwa hivyo, hata bila ya simu, yaweza kula ampea 0.02. Ni kidogo, lakini kwa saa 24 ni karibu nusu ya ampea-saa, na betri ndogo ya ampea-saa 5 itakuwa imekauka kwa siku 10 za mvua ambazo pikipiki haikutoka. Mahali pazuri ni waya unaopata umeme baada ya ufunguo kuwashwa.

Fyuzi ya ampea 2 au 3 iwekwe karibu kabisa na chanya ya betri. Waya hupita chini ya tangi la mafuta ya petroli. Siku ganda lake litakapolika na shaba kugusa chuma, betri itamwaga umeme wake wote hapo kwa mara moja. Fyuzi ikikatika, itafutwe sababu. Anayeweka kipande cha waya mahali pa fyuzi ameiondoa kinga na kuacha hatari, na kamati inayoruhusu jambo hilo ibebe dhamana yake. Unapofungua betri, toa hasi kwanza; unapofunga, hasi iwe ya mwisho.

Chumvi na jua

Tangu kilimo cha mwani kianze Zanzibar mwaka 1989, magunia yaliyolowa maji ya bahari yamekuwa yakipandishwa juu ya kila namna ya kipando. Gunia likiwekwa nyuma ya pikipiki, maji yake huchuruzika pembeni, na katika pikipiki nyingi betri na viungo vikuu vya waya viko pale pale, nyuma ya kifuniko cha ubavuni. Maji ya chumvi hupitisha umeme. Yakikaa kati ya chanya na hasi, umeme hula chuma usiku na mchana, na baada ya muda mfupi utaona unga wa kijani juu ya shaba. Unga huo ndio ukinzani tulioupima kwa mita.

Dawa yake si kupaka grisi juu ya uchafu. Ondoa kiungo, kisugue kwa msasa laini mpaka shaba ing’are, kioshe kwa maji matamu, kikauke, kibanwe au kilehemiwe kwa risasi, ndipo kipakwe grisi na kufunikwa. Kipande cha turubai chini ya gunia kitapunguza kazi hiyo sana. Nao wapakiaji wahimizwe kuyaacha magunia yachuje maji kabla ya kupandishwa.

Simu yenyewe isichajiwe ikiwa tundu lake limelowa, hasa maji ya bahari. Simu nyingi za sasa hutoa onyo na kukataa. Zile zisizokataa huoza meno ya tundu. Subira ya kuikausha kivulini ni bora kuliko simu mpya.

Kuhusu jua, betri za simu hazipendi kuchajiwa zikipita joto la nyuzi 45 hivi, na simu nyingi husimamisha chaji zenyewe ili zisidhurike. Simu nyeusi, ndani ya mfuko wa plastiki usiopitisha hewa, juu ya usukani saa saba mchana, hufika huko upesi. Dalili yake ni kwamba asubuhi inashika chaji, adhuhuri inakataa, na jioni inashika tena. Hapo usifungue waya hata mmoja. Ifanyie kivuli, punguza mwanga wa kioo, na mfuko uvuliwe siku isiyo na mvua.

Mtikisiko nao una lake jingine. Mwaka 2021 kampuni ya Apple ilitoa tahadhari kwamba mtikisiko wa injini za pikipiki waweza kuharibu kamera za simu zake. Mpira laini chini ya kishikio cha simu husaidia kamera, na husaidia pia kichwa cha waya kisicheze.

Mara chache hutokea kwamba chaji inaingia vizuri lakini ramani inapotea, na waya ukichomolewa ramani inarudi. Hiyo ni chaja ya ovyo inayotoa kelele za redio zinazozima sauti dhaifu ya setilaiti. Isogeze mbali na simu. Ikiendelea, hiyo ndiyo chaja inayostahili kubadilishwa.

Daftari la chombo

Tunashauri kila pikipiki iwe na daftari lake, na kila kipimo kiandikwe kwa tarehe: betri imelala, betri injini ikizunguka, mlango wa chaja, hasi kwa hasi, upande wa volti 5. Namba tano tu, mara moja kwa mwezi. Fundi akisema betri imekufa, katibu alifungue daftari mbele yake kabla ya mshika fedha kufungua sanduku.

Maswali ya kujadiliwa na vikundi

1. Pikipiki ya chama ina betri yenye volti 12.7 ikiwa imelala, na 14.1 injini ikizunguka. Mlango wa chaja, simu ikivuta, una volti 11.9 injini ikiwa inazunguka vile vile. Hasi kwa hasi ni volti 0.05. Volti ngapi zimepotea, na mtatafuta upande gani?

2. Dereva anasema simu inaonesha alama ya chaji, lakini alitoka Wingwi na asilimia 60 na kufika Chake Chake na asilimia 35. Waya wake wa USB una urefu wa mita 2, na chaja iko chini ya kiti. Mtamshauri nini, bila ya kununua simu wala betri?

3. Hesabuni gharama za chaja, betri na simu zilizonunuliwa na chama chenu kwa ajili ya pikipiki katika miaka miwili iliyopita. Kati ya vitu hivyo, ni vingapi vilivyopimwa kabla ya kutupwa?